Kidonge Kimoja, Dawa Tatu

"Shemeji, vidonge vyangu vimekwisha na kliniki ni Alhamisi. Nigawie vitano."

"Chukua tu. Si dawa ni ile ile?"

Ndugu msomaji, maneno kama haya husemwa katika vijiji vyetu. Anayeomba ana shida na anayetoa ana huruma. Lakini je, ni kweli dawa ni ile ile?

Dawa za kupunguza makali ya VVU, yaani ARV, ziko za aina mbalimbali. Ili kuzielewa, tukifuate kirusi chenyewe kinavyofanya kazi.

Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Lazima kiingie ndani ya chembe nyeupe ya damu, ambayo ni askari wa mwili. Huingia na maagizo yake, mfano wa barua. Lakini barua hiyo ina mwandiko ambao chembe haiwezi kuusoma. Basi kirusi huja na karani wake wa kuinakili upya. Nakala ikiwa tayari, mshonaji huishona ndani ya kitabu cha maagizo ya chembe. Hapo askari wako anaanza kumtumikia adui! Anatengeneza mikanda mirefu ya vipande vya virusi. Halafu anakuja mwenye mkasi, anaikata, na virusi vipya vinakamilika.

Karani, mshonaji na mwenye mkasi: hao ndio dawa zetu zinapambana nao.

Aina ya kwanza humpa karani herufi za bandia. Akiandika moja tu, barua inakatikia hapo. Katika aina hii zimo tenofoviri na lamivudini. Imo pia zidovudini, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1987 kabla ya nyingine zote. Aina ya pili humshika karani mkono asiandike. Hapa yumo efavirenzi, ambaye wengi wanamkumbuka kwa ndoto zake za ajabu usiku. Aina ya tatu humzuia mshonaji. Dolutegraviri ni ya aina hii. Aina ya nne hushika mkasi, kama vile atazanaviri na lopinaviri.

Sasa chukua kopo la dawa ulisome. Makopo mengi siku hizi yana herufi TLD. T ni tenofoviri, L ni lamivudini, D ni dolutegraviri. Mbili za karani, moja ya mshonaji. Zote zimo katika kidonge kimoja.

Kwa nini zisitoshe moja? Kwa sababu karani huyu ni mzembe, hukosea sana anaponakili. Mara nyingine kosa lake huzaa kirusi ambacho dawa fulani haikiwezi. Zidovudini ilipotumiwa peke yake, virusi viliizoea. Tangu mwaka 1996 madaktari walianza kutoa dawa tatu kwa pamoja. Kuzikwepa tatu kwa mara moja ni kazi ngumu.

Lakini ukiruka siku kadhaa, dawa hupungua mwilini na karani anarudi kazini. Virusi vinavyoweza kuvumilia dawa kidogo ndivyo vinavyozaana. Huo ndio usugu. Wala usidhani ukipata nafuu umepona. Dawa huzuia kushona, haziwezi kufumua kilichokwisha kushonwa.

Turudi kwa shemeji. Huenda yeye anatumia dawa za mkasi kwa sababu virusi vyake vimekuwa sugu kwa dawa nyingine. Vidonge vyako vitano huenda visimsaidie, na wewe utapungukiwa siku tano. Mwambie asingoje Alhamisi. Aende leo, aeleze dawa zimekwisha. Kama anaona haya, msindikize.

Jambo moja zaidi, hasa kwa akina mama wajawazito. Vidonge vya kuongeza damu vina madini ya chuma, na madini hayo huipunguza nguvu dolutegraviri. Meza vyote kwa pamoja na chakula. Kama huli, meza TLD masaa 2 kabla ya vidonge vya damu, au masaa 6 baada yake. Na anayetibiwa kifua kikuu amwambie mganga mapema, maana moja ya dawa za kifua kikuu, rifampisini, huipunguza dolutegraviri mwilini, na yeye huongezewa kidonge kingine cha dolutegraviri kila siku.