Je, Wajua? Injini Isiyo na Rejeta

Je, wajua kwamba bodaboda inayoshusha abiria Baray, pampu ndogo ya petroli inayovuta maji ya shamba la vitunguu bondeni Eyasi, na Volkswagen ya zamani iliyoegeshwa chini ya mti tangu mwenyewe alipokata tamaa nayo, ni za ukoo mmoja? Zote hazina rejeta. Injini zake hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda. Kijana anayeshusha injini ya pikipiki na kuirudisha ikaunguruma vizuri tayari ana nusu ya ujuzi wa kufufua Volkswagen nyumbani kwao. Nusu ya pili tuipitie hapa.

Je, wajua kwamba gari hilo dogo limewahi kutawala barabara zetu za vumbi? Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikiitwa Coronation Safari, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda mwaka 1954 ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, ikashinda tena 1957 kwa mikono ya Gus Hofmann na Arthur Burton, na mara nyingine 1962 kwa Tommy Fjastad na Bernhard Schmider. Gari la nguvu za farasi zisizofika 40!

Porsche 911, ndugu yake mkubwa mwenye silinda sita na aliyepozwa kwa upepo vilevile, hakuwahi kushinda Safari ya zamani. Alishika nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978. Björn Waldegård, aliyekuwa wa pili mwaka 1974, alirudi na Porsche akashinda Safari ya magari ya kale mwaka 2011.

Je, wajua kwamba injini ya ukoo huo iliruka juu ya Ngorongoro? Ndege ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aina ya Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya punda milia, ilisukumwa na injini ya Lycoming yenye silinda sita zilizolala, tatu kila upande, bila maji ya kupozea. Kwa ndege hiyo walihesabu wanyama wa Serengeti na Ngorongoro. Tarehe 10 Januari 1959 iligongana na tai ikaanguka, na Michael, aliyekuwa na umri wa miaka 24, akafariki. Injini haikuwa na kosa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta, na baba yake alizikwa hapo pia.

Je, wajua kwamba injini hupungukiwa pumzi ikipanda kutoka Eyasi hadi ukingo huo? Ziwa Eyasi liko takriban mita 1,030 juu ya usawa wa bahari, na ukingo uko karibu mita 2,300. Huko juu hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya tano kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, na nguvu ya injini ya kabureta hupungua karibu kwa kiasi hichohicho. Petroli inabaki nyingi kuliko hewa, plagi zinakuwa nyeusi, moshi unatoka mzito. Maji nayo huchemka karibu na nyuzi 92 badala ya 100, kwa hiyo rejeta yenye mfuniko mbovu inatapika mapema. Volkswagen haina cha kuchemka. Lakini hewa nyepesi hubeba joto kidogo, na feni yake inazungushwa na injini yenyewe. Dereva anayeng'ang'ania gia kubwa mlimani huku injini ikizunguka polepole anainyima upepo saa inapouhitaji zaidi. Shusha gia, iache izunguke.

Je, wajua kwamba mkanda mmoja unazungusha jenereta, na feni imefungwa kwenye shafti ya jenereta hiyohiyo? Taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, simama hapohapo. Huenda mkanda umekatika, na injini imeishiwa upepo pamoja na chaji.

Sasa tushike spana.

Je, wajua kwamba injini nzima inashikiliwa na bolti nne tu, mbili juu na mbili chini? Ukishatoa betri, bomba la petroli, nyaya za umeme na waya wa mafuta, watu wawili wenye jeki imara wanaishusha kabla jua halijawa kali.

Je, wajua kwamba silinda zake si matundu yaliyochongwa ndani ya bloku? Kila moja ni bomba la chuma cha kusubu lenye mapezi, linalokaa kati ya kasha la injini na silinda hedi. Ikilika unaichomoa na kuweka mpya pamoja na pistoni na ringi zake. Hakuna haja ya kubeba bloku hadi Arusha kuichongesha. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kuipenda injini hii: walioibuni walimfikiria mtu aliye mbali na karakana.

Kasha lenyewe hupasuka katikati kama ganda la karanga, na kranki inabaki mikononi mwako. Usiweke gasketi kati ya nusu hizo mbili. Gasketi ingezitenganisha, beringi za kranki zikakosa kubanwa sawasawa. Ni gundi nyembamba tu ya kuzuia oili isivuje.

Je, wajua namna ya kupima ringi bila mashine? Tumbukiza ringi peke yake ndani ya silinda, isukume chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa pande zote, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Mpya ikae kati ya milimita 0.30 na 0.45. Ukikuta karibu milimita 1, hata usifikirie kuirudisha. Wakati wa kufunga, usiache mianya ya ringi ifuatane mstari mmoja. Igeuze, kila mmoja uangalie upande wake. Na mshale ulio juu ya pistoni uelekee flaiwili.

Je, wajua kwamba kranki inaruhusiwa kucheza mbele na nyuma kwa milimita 0.07 hadi 0.13 pekee? Washa tatu nyembamba nyuma ya flaiwili ndizo zinazoamua. Unapima, unabadilisha washa, unapima tena. Ni kazi ya subira, na anayeiruka atairudia gari likiwa limeshafungwa.

Nati ya flaiwili yenyewe, ya milimita 36, inataka nguvu ya kilo 35 kwenye mkono wa mita moja. Spana nyingi za torki za nyumbani hazifiki huko. Basi chukua bomba imara, pima mita moja kutoka katikati ya nati, bomba likiwa limelala usawa, ning'iniza uzito wa kilo 35 uliopimwa mizani. Hesabu ni ileile. Nati za silinda hedi ni kinyume kabisa: zile za stadi za milimita 10 zinataka takriban kilo 3.2 tu kwa mita. Hapa ndipo wenye misuli wanapoharibu, maana stadi zimekaa kwenye madini laini na zinang'oka na nyuzi zake.

Je, wajua kwamba madini hayo laini, kwa Volkswagen nyingi, ni magnesiamu? Ni mepesi kuliko alumini, na hapa bonde la Eyasi lazima niseme jambo zito. Wahunzi wa Kidatoga huyeyusha shaba nyeupe na alumini chakavu kutengeneza bangili, na kazi yao ni nzuri mno. Kasha la Volkswagen lisiingie kwenye moto wao kamwe. Magnesiamu ikishika moto inawaka kwa mwanga wa kuumiza macho, na ukiimwagia maji unauchochea, kwa sababu inatoa gesi ya haidrojeni. Mchanga mkavu ndio wa kuufukia. Ukiwa na shaka, kwangua mahali padogo na udondoshee siki: magnesiamu inatoa mapovu, alumini inatulia.

Je, wajua kwamba silinda namba tatu ndiyo huungua mara nyingi? Kipoza oili kilisimama ndani ya njia ya upepo wake. Kiwanda kilikisogeza pembeni kwenye injini za kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970.

Je, wajua kwamba mabati yale meusi yanayozunguka injini si mapambo? Yanatenga hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Ukiacha bati moja stoo, injini inavuta tena joto lake yenyewe. Kabla ya kufunga, chungulia ndani ya kasha la feni. Gari lililolala miaka huwa na kiota cha panya humo, na kiota kinaziba mapezi kabisa.

Oili ni lita 2.5 tu, na haina filta, ila chekeche ya waya. Kwa vumbi letu, badilisha mapema, na usisahau oili ya chujio la hewa.

Je, wajua kwamba tapeti husetiwa injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi? Kwa injini nyingi mwanya ni milimita 0.15. Wengi hukaza ili kelele iishe. Tapeti inayolia kidogo haina madhara makubwa. Iliyokazwa mno inazuia valvu ya moshi isikae kwenye kiti chake, na huko kwenye kiti ndiko valvu inakopozea joto. Inaungua kimya kimya.

Na siku ya kuwasha: toa plagi, piga selfu mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi. Ikishika, usiiache sailensa. Ishikilie karibu mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, ili kamshafti, kama umeweka mpya, ipate oili ya kutosha. Mwaga oili hiyo ingali moto, fungua chekeche, uangalie kama kuna chembe za chuma. Ukifika kilomita 500, mwaga nyingine na useti tapeti upya.