MCHE MREFU SIO MCHE MZURI: Jinsi ya Kupanda Miche Iliyokaa Sana Katika Karatasi

Mvua ndefu ikianza mwezi wa Machi, kando ya barabara pale Rongo, Awendo na Oyugis miche hupangwa mpaka mtu anakosa pahali pa kukanyaga. Kuna miembe, miparachichi, migrevilea, siala. Je, mnunuzi ambaye ni mgeni katika kazi hii hufanya nini? Hutazama mche ulio mrefu kuliko wenzake, halafu anauliza bei. Bei ni ile ile, basi kwa nini achukue mfupi? Anaenda nyumbani akifikiri amepata faida.

Nami nilifanya hivyo hivyo. Mwaka wa 2018 nilinunua migrevilea 20, mirefu mpaka kiunoni, lakini bado imo katika karatasi ndogo zile za inchi nne kwa sita. Niliipanda kwenye mpaka wa shamba na ikashika vizuri, hata majirani wakawa wanauliza nimeitoa wapi. Mwaka wa nne ukaja upepo mkali wa mvua usiku. Asubuhi nikakuta miti 7 imelala. Haikuvunjika, iling'oka! Nilipotazama chini ya shina, mizizi ilikuwa imejiviringa kama ingata ya kubebea maji kichwani, upana wake ule ule wa karatasi, inchi nne. Yaani miaka minne ndani ya ardhi, na mizizi minene ilikuwa bado imefungwa na karatasi ambayo niliitoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa nini mizizi hujizungusha?

Mzizi huenda chini na pembeni ukitafuta maji na hewa. Ukigonga ukuta wa plastiki haurudi nyuma, bali hufuata huo ukuta. Unazunguka mara ya kwanza, mara ya pili, unafika chini na kuendelea kuzunguka. Wakati bado ni mwororo unaweza kuunyoosha kwa vidole. Ukishakuwa mgumu kama kijiti, umbo hilo haliondoki tena.

Watu wengi hudhani kwamba mche ukifika shambani udongo utaunyoosha mzizi. Hapana. Mzizi huongezeka urefu kwenye ncha tu. Sehemu iliyo nyuma ya ncha haisogei, inanenepa pale pale ilipo. Basi mzingo mwembamba wa leo ndio mzingo mnene wa miaka mitano ijayo. Shina nalo linanenepa, na hivi viwili vinaanza kukabana. Maji hayapandi sawasawa na chakula kutoka kwenye majani hakishuki. Ndiyo maana utaona mti mmoja unanyauka kiangazi huku wa jirani yake uko kijani, na mwenye shamba analaumu mchwa.

Kuchagua pale kitaluni

Kwanza pima kwa macho. Sehemu ya juu ya udongo isizidi mara mbili ya urefu wa karatasi. Kama karatasi ni inchi sita, mche wa futi moja unatosha. Ukiona unafika kiunoni, ujue umekaa hapo kitaluni kupita wakati wake. Mgrevilea, kwa mfano, huwa tayari baada ya miezi minne mpaka sita hivi.

Pili, inua mche polepole ukishika karatasi, sio shina. Kama unasikia kitu kinakatika chini, basi mzizi mkuu ulishatoboa karatasi ukaingia ardhini, na wewe unauziwa mche ulioacha mzizi wake nyuma.

Tatu, kama unanunua mingi, lipa mmoja uupasue. Mama mmoja muuza miche alinicheka. "Mwalimu, unalipa halafu unaharibu?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, nalipa." Kati ya miche 50, hasara ya mmoja ni kitu kidogo kuliko kulisha 49 kwa miaka mitano ndipo uone kosa. Ukikuta mizizi myeupe inayogusa ukuta kidogo tu na udongo umeshikana, chukua bila wasiwasi. Ukikuta udongo hauonekani, ni mizizi ya kahawia mitupu iliyojisokota, mwachie mwenyewe.

Kama miche imeshafika nyumbani

Lakini pengine umeshanunua, au umepewa bure, au ni miche yako mwenyewe iliyongoja mvua iliyochelewa. Usiitupe bado. Fanya hivi.

Jioni kabla ya kupanda, tia miche kwenye karai la maji mpaka udongo ulowe kabisa. Kesho yake ngoja jua lipungue, au chagua siku ya mawingu. Pasua karatasi kwa wembe ubavuni kutoka juu mpaka chini, uitoe yote. Usivute mche kwa shina ili utoke, maana utakata mizizi midogo inayonywa maji na kubaki na ile minene isiyokusaidia.

Sasa inakuja sehemu ambayo roho inauma. Chukua kisu kikali, ukate sehemu ya chini ya bonge la udongo, karibu nusu inchi, pale mizizi ilipojikunja kama nyoka. Halafu chanja ubavuni mistari mitatu au minne kutoka juu mpaka chini, kina cha sentimita moja hivi. Mizizi ya nje ile inayozunguka ilegeze kwa vidole, uitazamishe nje. Wanaoanza huogopa sana hapa, wanasema mti utakufa. Lakini mzizi uliokatwa hutoa mizizi mipya nyuma ya jeraha, na hii mipya huenda moja kwa moja kwenye udongo badala ya kuzunguka. Mzizi ambao haukukatwa utaendelea na mchezo wake ule ule.

Kwa kuwa umepunguza midomo ya kunywea maji, punguza na majani ya chini kama theluthi moja. Uache kile kilele. Panda siku hiyo hiyo, mwagilia, uwekee nyasi kavu kuzunguka lakini zisiguse shina. Kazi hii ni ya wakati wa mvua. Ukiifanya Januari jua likiwa kali utaua miche yote halafu utanilaumu mimi.

Mpapai usiufanyie hivyo. Mizizi yake haipendi kabisa kuguswa, na mpapai uliopitwa na wakati katika karatasi ni afadhali upande mbegu upya. Na hata kwa miti mingine, kama mzizi mkuu umejikunja karibu na shina na umefika unene wa penseli, hakuna dawa. Huo ni wa kutia kwenye mboji.

Shimo nalo lina mambo yake

Walio Nyatike, bonde la Lambwe na sehemu nyingine zenye udongo mweusi wa mfinyanzi wasikilize vizuri. Ukichimba shimo la duara udongo ukiwa na maji, jembe hulainisha ukuta mpaka unang'aa kama chungu. Mzizi ukifika hapo unakutana na karatasi nyingine, ila hii ni ya udongo! Unaanza tena kuzunguka. Chimba shimo la pembe nne, kisha ukwaruze kuta zake kwa panga. Kwa miti ya matunda futi mbili kila upande zinatosha, na ya mbao futi moja na nusu. Changanya samadi iliyooza na udongo wa juu, lakini usijaze samadi tupu, kwa sababu mizizi itakaa pale kwenye utamu isitoke. Mparachichi haustahimili maji yanayosimama, kwa hiyo kwenye udongo huo uupandie juu ya tuta au uuache kabisa.

Kwa vikundi vyenye vitalu

Kosa mara nyingi huanza siku ya kuhamisha vimche kutoka kitalu cha mbegu kwenda kwenye karatasi. Kitundu kikiwa kifupi, mzizi hujikunja kuelekea juu kama ndoana ya samaki, na hakuna atakayeuona tena. Toboa kwa kijiti kirefu, punguza mzizi uliozidi kwa kucha, tumbukiza kimche chini kidogo halafu ukivute juu ndipo ubane udongo.

Mizizi ikianza kutokeza chini ya karatasi, pitisha waya mwembamba au wembe chini yake kila wiki mbili au tatu, na mwagilia kabla na baada. Wenye fito wanaweza kutengeneza kitanda kilichoinuliwa. Ncha ya mzizi ikikuta hewa hukauka yenyewe na mzizi hutoa matawi ndani.

Na tafadhali, msingoje sherehe. Serikali ilitoa siku za mapumziko za kupanda miti tarehe 13 Novemba 2023 na 10 Mei 2024, na hilo lilikuwa jambo zuri. Lakini huku kwetu utakuta miche 300 imewekwa mwezi mzima mvua inanyesha, ati mgeni wa heshima bado hajathibitisha. Mgeni akichelewa, mizizi haichelewi.

Kwa miti iliyo shambani tayari, fukua udongo kidogo kuzunguka shina. Ukiona mzizi mwembamba kuliko kidole gumba umepita juu ya wenzake ukakaba shina, ukate wakati wa mvua. Ukiwa mnene zaidi, uuache. Ile migrevilea yangu 13 iliyobaki nimeikata juu iwe mifupi ili upepo usipate pa kushika, na bahati nzuri mgrevilea huchipua tena haraka. Kuni tumepata za kutosha. Ila mvua ikianza kutanda, hakuna mtoto anayeruhusiwa kucheza chini yake.