Anayekulaza usingizi, yeye hulala lini?

JE, MSOMAJI, umepata kulazwa juu ya meza ya upasuaji? Bila shaka unamkumbuka daktari aliyekupasua. Na yule aliyekutia nusukaputi je? Wengi hawamkumbuki, ilhali ndiye aliyekaa kichwani pako muda wote akichunga pumzi zako na mapigo ya moyo.

Daktari bingwa wa fani hii huisomea shahada ya uzamili, kwa mfano Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini mabingwa ni haba, na mbali na miji mikubwa mzigo huwaangukia maafisa wa kliniki na wauguzi walioisomea.

Sasa mpeleke mwanafunzi huyo Garissa. Atauliza, "Umekula nini leo?" Mgonjwa atajibu hajatia kitu kinywani. Kumbe alfajiri alikunywa bilauri ya maziwa ya ngamia! Kwa mfugaji hicho ni kinywaji. Kwa daktari ni chakula, nacho hungojewa saa 6, ambapo maji matupu hungojewa saa 2 tu. Yakipanda kooni mtu akiwa usingizini huingia mapafuni, na hapo roho i mashakani.

Kuna na miraa, ambayo huuendesha moyo mbio na kupandisha shinikizo la damu. Mzee akiulizwa mbele ya wakwe zake atakana katakata. Basi aulizwe faraghani, kwa Kisomali, na mkalimani asiwe jamaa yake.

Dawa ya ketamini hutegemewa sana penye uhaba wa mitambo, kwani haizimi pumzi upesi kama nyingine. Ila mgonjwa huweza kuamka akiweweseka. Jamaa wasipoelezwa mapema, watadhani amepagawa.

Na mhudumu mwenyewe? Aprili 2, 2015, magaidi walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, majeruhi walikimbizwa hospitali ya mji huo, kisha baadhi wakapelekwa Nairobi kwa ndege. Siku kama hiyo zamu haina mwisho, wala picha zake hazifutiki kwa kunawa mikono. Tena dawa kali za maumivu zi mikononi mwake; duniani kote wako wa fani hii walioteleza wakawa watumwa wazo. Ndiyo sababu hufungiwa kabatini na kuandikwa daftarini kila zitolewapo.

Mwanafunzi hufundishwa pia kusema, "Nimechoka, njoo unipokee." Nadhani kwa kijana mgeni kazini, maneno hayo ni magumu kuliko kudunga sindano ya uti wa mgongo.