Doria Ziwa Tanganyika: Tununue Kasi au Urefu?

Mwaka 2024 Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Shanwe na mitaa mingine ya Mpanda, inayotazamia dagaa na migebuka ya Karema na Ikola, ilikuwa na haki ya kuuliza bei. Mimi naulizia boti za doria.

Miezi hiyo ndiyo ya upepo mkali wa kusini. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, kusini hadi kaskazini, na upepo hupata uwanja mrefu wa kukuza mawimbi. Mawimbi ya ziwani nayo huja yamebanana, wima kuliko ya baharini. Boti fupi hupanda kila wimbi na kubwagwa nyuma yake. Nahodha hulazimika kupunguza mwendo, na askari anayetapika hakagui wavu wa mtu.

Hata hivyo wanunuzi hupenda kasi. Kwa hesabu ya jumla, chombo kikitakiwa kwenda kasi mara mbili, nguvu ya injini huhitajika karibu mara nane, na mafuta hufuata. Bati la chuma la kurefusha bodi ni rahisi zaidi kuliko injini.

Ziwa hili limewahi kuona pande zote mbili, kasi na urefu. Mwaka 1915 Waingereza walileta Mimi na Toutou, mashua za mkangazi zenye urefu wa mita 12, zilizosafirishwa nchi kavu kutoka Cape Town. Desemba 26 ziliiteka Kingani, meli ya Wajerumani iliyokuwa nzito kwa mwendo. Lakini mzinga wa mashua hizo nyepesi ulifyatuliwa kuelekea mbele tu. Ukipigwa ubavuni ungeumiza bodi. Graf von Götzen, meli yao ya mita 70 hivi, haikuwa na mbio. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, ikabeba abiria kwa miongo mingi.

Sisemi tununue meli ya mita 70. Ya mita 25 au 30, yenye injini za wastani, ibebe boti ya mpira tezini ya kukimbizana na wahalifu karibu na ufuko. Karema sasa ina gati la kuifunga. Zabuni nazo zibadilike: zisiulize kasi kwenye maji matulivu, ziulize chombo kinakwenda vipi wimbi likiwa mita moja na nusu.