Lubumbashi: Miaka mitano kutoka chumba cha uzazi hadi kwenye jarida la kisayansi

Mjini Lubumbashi, maneno kwamba migodi inadhuru watoto wangali tumboni si mapya. Lakini maneno ya mtaani hayana uzito mbele ya kampuni ya shaba. Mwezi Aprili 2020 yalipata karatasi: jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti wa madaktari wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, na wenzao wa Ubelgiji, kuhusu migodi na watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili.

Kazi ilianza Machi 2013. Hadi Februari 2015, watafiti walikuwa wameandikisha watoto 138 wenye kasoro zinazoonekana kwa macho, pamoja na wengine 108 waliozaliwa bila kasoro. Mama aliulizwa maswali, ikiwemo kazi ya baba wa mtoto. Vilipimwa mkojo na damu yake, damu ya kitovu, kondo la nyuma, hata vumbi la nyumbani kwake.

Wale 108 ndio uti wa mgongo wa utafiti. Mwaka 2009, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba Wakatanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini wana kobalti nyingi mno kwenye mkojo, kuliko ilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote duniani. Katika mji wa namna hiyo, kukuta kobalti kwa mama wa mtoto mwenye kasoro hakuthibitishi kitu. Jirani yake naye anayo. Lazima walinganishwe.

Matokeo yaliwaelekea akina baba. Baba akiwa na kazi inayohusu migodi, uwezekano wa mtoto kuwa na kasoro ulikuwa mara 5,5 zaidi. Ila hesabu hiyo ina nafasi pana: ukweli unaweza kuwa popote kati ya mara 1,2 na mara 25, kwa sababu watoto waliochunguzwa si wengi. Vipimo vya madini yenyewe havikutoa picha moja iliyonyooka. Kwa hiyo waandishi walisema kuna uhusiano, wakaishia hapo. Anayedai utafiti umethibitisha kwamba kobalti inalemaza watoto anauongezea chumvi; anayedai haukuona lolote hajausoma.

Kati ya mtoto wa mwisho kuandikishwa na siku ya kuchapishwa ilipita miaka 5. Majarida ya aina hii hupeleka rasimu kwa wataalamu wengine, ambao huuliza maswali magumu kabla ya kukubali au kukataa. Kwenye orodha ya waandishi, Daan Van Brusselen anafuatwa mara moja na Tony Kayembe-Kitenge wa Lubumbashi. Si jambo dogo, maana mara nyingi Mwafrika hukusanya sampuli na jina lake likabanwa katikati.

Mwenye mega kwenye simu anaweza kuusoma utafiti huo bure. Tatizo ni lugha: umeandikwa kwa Kiingereza, madaktari wa Lubumbashi walisomea Kifaransa, na akina mama wengi wa mji huo huzungumza Kiswahili.

Swali la baba bado liko wazi. Je, ni vumbi analoingia nalo nyumbani kwenye nguo za kazi, au madini yanaharibu mbegu zake kabla mimba haijatunga?