Jina la Mkwawa: Lilivyoanza na Lilivyoenea

Mwezi huu twapenda kunena habari za jina moja ambalo wazee wa Kilosa na wa bonde la Ruaha walilisikia kwanza kwa hofu, nasi leo twalisikia shuleni na barazani bila hofu yo yote. Ni jina la Mkwawa. Wengi hudhani ya kwamba ni jina la ukoo tangu kale. Sivyo. Lilikuwa sifa ya mtu mmoja, na watoto na wajukuu wake ndio walioligeuza kuwa jina la nyumba.

Ukoo wenyewe ni wa Muyinga. Masimulizi ya Wahehe yanasema ya kwamba zamani alikuja mwindaji mgeni, aitwaye Mufwimi, maana yake mwindaji. Huyo alimpenda Semduda, binti wa mtemi Mwamududa. Kabla ya kufa kwake porini aliacha neno, ya kwamba mtoto akiwa wa kiume aitwe Muyinga. Mtoto akawa wa kiume, na kwake ukatoka ukoo wa watemi, ndio Mwamuyinga. Tazameni pia majina ya baba na binti yake: Mwamududa na Semduda. Kwa desturi ya Wahehe jina la ukoo humtambulisha mwanamume kwa Mwa, na mwanamke kwa Se. Mtu akilisikia tu, ajua ni wa nani, tena ni mume au mke.

Katika ukoo huo alizaliwa mwana wa Munyigumba, aliyetawala baada ya baba yake kufa mwaka 1879. Kwa vita vyake alipata jina la Mkwavinyika, ambalo wazee hulifasiri: mwenye kuteka nchi nyingi. Jina hili lilikuwa refu kwa vinywa vya wageni, wakalikata. Wadachi waliliandika kwa namna zao, mara Quawa, mara Mkwawa. Basi nusu ya sifa ikashika nafasi ya sifa nzima.

Jina lilitangulia kuvuka nchi kwa miguu ya askari. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliwashinda Wadachi, na kiongozi wao Zelewski akauawa. Mwaka uliofuata walishambulia boma la Kondoa, karibu na Kilosa. Tusiwasahau Wasagara na majirani zao walioishi katika njia ya vita hivyo. Kwao jina hili halikuwa wimbo, lilikuwa habari ya kukimbiza watoto msituni. Jina moja laweza kuwa fahari nyumbani na kilio kwa jirani, na mwenye kulirithi yampasa kujua pande zote mbili.

Tena kuna jambo la kuangaliwa. Kalenga, mji wa mtemi, ulitekwa tarehe 30 Oktoba 1894, naye akaendelea kupigana akiwa mwituni. Mwaka 1896 Wadachi walimweka ndugu yake, Mpangile, awe mtawala. Mwaka 1897 wakamnyonga. Mpangile alikuwa mwana wa Munyigumba vile vile, wala hakuitwa Mkwawa. Hapo twaona wazi ya kwamba wakati ule jina lilikuwa la mtu, halijawa la nyumba.

Mtemi alikufa tarehe 19 Julai 1898 kwa mkono wake mwenyewe, asitiwe mikononi mwa adui. Kichwa chake kikachukuliwa. Mwaka 1919, mataifa yalipofanya mapatano ya Versailles, jina lake liliandikwa katika kifungu cha 246, ya kwamba fuvu la Sultani Mkwawa lirudishwe. Watu waliotia sahihi kule Ulaya hawakuijua njia ya Mikumi wala ya Iringa, lakini jina lililokatwa likawekwa katika karatasi ya dunia nzima. Fuvu lilirudi mwaka 1954, likakabidhiwa na Gavana Twining, nalo limehifadhiwa Kalenga.

Sasa sikilizeni lilivyokuwa jina la nyumba. Mwanawe aliitwa Sapi. Naye aliitwa Sapi Mkwawa. Mwana wa Sapi alikuwa Adam, naye hakuishia kwa Sapi kama desturi ya jina la baba. Aliitwa Adam Sapi Mkwawa. Jina la babu likakaa mwisho, likabaki hapo. Huyo Adam Sapi alikuwa Spika wa Bunge tangu 1962 hata 1973, na tena tangu 1975 hata 1994. Na huko Iringa kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, tangu mwaka 2005. Hivyo jina la upanga limekuwa jina la kalamu.

Lakini tumeona hasara pia. Jina la mwisho halina tena Mwa wala Se. Binti na kaka huandikwa sawasawa, na ukoo wa Muyinga haumo katika karatasi. Watu wawili wenye jina moja la mwisho huenda si ndugu, kwani mzazi aweza kumpa mtoto jina la shujaa. Na wawili wenye majina mbalimbali huenda ni damu moja, kama Mkwavinyika na Mpangile. Siku ya posa ndipo wazee huuliza ukoo, na kijana asiyejua hubaki akitazama chini.

Ndugu zetu wa Kilosa, Mikumi na Ruaha, nyumba nyingi za kwetu zafanya leo lile lililofanywa na nyumba ile. Mwalimu au karani huuliza jina la tatu, baba hutaja la babu, na tangu siku ile ndilo la wote. Si vibaya. Ila jioni ile ile, mtoto arudipo shuleni na daftari yake, mketisheni karibu na bibi yake, aambiwe jina zima la babu, maana yake, ukoo wake, na ukoo wa mama. Karani ameandika lile aliloambiwa. Yaliyobaki ni kazi ya nyumbani.