Mwanao anafanya mradi wa uhandisi jeni? Ya maabara yaishie maabara

Kijana amerudi Buigiri mwisho wa wiki, akitokea chuoni Dodoma mjini. Amevaa koti lake jeupe la maabara, simu iko mkononi. Mdogo wake wa miaka miwili anamkimbilia, anashika koti, anachukua simu na kuitia mdomoni. Ni furaha ya nyumbani. Lakini kama koti na simu vimetoka moja kwa moja kwenye meza ya maabara, mtoto huyo anaweza kuugua.

Uhandisi jeni ni nini?

Kila kiumbe hai kina vinasaba, yaani maelekezo ya namna mwili wake unavyojengwa na kufanya kazi. Uhandisi jeni ni kubadilisha maelekezo hayo, kwa mfano kuchukua kipande kutoka kiumbe kimoja na kukiweka kwenye kingine. Insulini wanayochoma wagonjwa wa kisukari hutengenezwa hivyo: bakteria au hamira hupewa jeni ya binadamu ya kutengeneza insulini. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1982.

Hapa Dodoma wengi walilisikia jambo hili kupitia mahindi ya majaribio yaliyopandwa Makutupora mwaka 2016. Mradi wa mwanafunzi ni mdogo zaidi. Mara nyingi ni bakteria wanaooteshwa kwenye kisahani chenye mfuniko.

Je, bakteria hao ni hatari?

Wanaotumika sana kufundishia ni aina dhaifu ya E. koli iitwayo K-12, ambayo kwa kawaida haimletei ugonjwa mtu mwenye afya. Hata hivyo, kuna mambo matatu ya kuangalia:

- Usugu wa dawa. Bakteria wa mradi hupewa pia jeni ya kustahimili dawa kama ampisilini, ili mwanafunzi awatambue. Bakteria wengine wanaweza kuipokea jeni hiyo. Ndiyo maana taka zote huuawa kwanza kwa mvuke wa nyuzi joto 121 ndani ya mtungi wa shinikizo, ndipo zitupwe.
- Chumba cha pamoja. Kwenye meza hiyohiyo, darasa jingine linaweza kuwa limeotesha vimelea vya ugonjwa.
- Kemikali na mwanga. Baadhi ya rangi za kuonyesha vinasaba zinaweza kudhuru vinasaba vya mtu, na mwanga wa urujuanimno huunguza macho na ngozi. Mwanafunzi mjamzito amweleze mkufunzi mapema ili apangiwe kazi salama.

Vimelea hufikaje nyumbani?

Mwaka 2010 na 2011, watu 109 katika majimbo 38 ya Marekani waliugua salmonela ya aina moja, na mmoja alifariki. Uchunguzi uliihusisha na maabara, zikiwemo za kufundishia wanafunzi. Bakteria hao hawakuwa wa mradi wa uhandisi jeni, lakini njia ya kufika nyumbani ni ileile. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo watoto wadogo ambao waliishi tu na mtu anayesoma au kufanya kazi maabara. Kalamu, daftari, simu, koti na mikono vinaweza kubeba vimelea hadi nyumbani.

Mama au mlezi, mwulize mwanao:

1. Koti la maabara unaliacha wapi? Lisije nyumbani na lisifuliwe kwenye beseni la nguo za mtoto.
2. Unanawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka? Glavu hazichukui nafasi ya kunawa.
3. Simu inakaa wapi unapofanya kazi? Iwe nje ya meza. Kalamu na daftari la maabara vibaki hukohuko.
4. Unakula au kunywa humo ndani? Hata karanga moja, hapana.
5. Taka zenu zinauawa kabla ya kutupwa?
6. Ukimwaga au kujikata, unamwambia nani? Asiogope kusema. Ajali iliyofichwa ndiyo inayoumiza wengine.

Akifika nyumbani, anawe tena kabla ya kumbeba mtoto au kugusa chakula. Maji ni ya shida, lakini kibuyu chirizi na kipande cha sabuni vinatosha.

Mtoto akiharisha

Mpe ORS, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mpeleke zahanati au kituo cha afya mara moja ukiona:

- damu kwenye choo
- homa kali
- kutapika kila kitu
- kushindwa kunywa au kunyonya
- macho kudidimia, kulegea au kusinzia isivyo kawaida

Mwambie mhudumu kwamba nyumbani kuna mtu anayefanya kazi maabara. Itamsaidia kujua apime nini. Usinunue antibayotiki dukani kwa kukisia.

Hakuna haja ya kumkataza kijana kusoma. Elimu hii ndiyo inayotumika kutengeneza insulini. Mwache asome, ila koti libaki chuoni na mikono inawiwe kabla ya kumpokea mdogo wake.